Sahani Isiyomsema Mtu

19 Novemba 1972

Daftari hili Vuai alipewa ghalani anakofanya kazi, zawadi ya kufunga mwaka, na mwaka wenyewe haujafungwa. Akasema yeye hana la kuandika. Kweli. Mume wangu ni mtu mwema, habari zake zote humalizika kabla chai haijapoa. Basi nimelichukua mimi. Kusoma nilijifunza peke yangu kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, ndiyo maana mpaka leo habari nyingi nazijua nusu.

La kuandika leo ni moja. Binti yangu Ummukulthum karudi kutoka hospitali anakojifunza uuguzi, kavua viatu, kakaa.

"Mama, kuna watu wanataka kuja kuniposa."

"Watu gani?"

"Wa kina Msabaha."

"Msabaha wa nani?"

Akaitazama hita ya mafuta ya taa kama kwamba ndiyo iliyouliza. "Wa Bi Jokha. Wa Tottenham."

Vuai akanyanyua kikombe chake akaenda kunywea jikoni.

20 Novemba

Mvua. Sijasema ndiyo, sijasema la. Nimepika muhogo nikautia chumvi mara mbili.

21 Novemba

Niandike, labda nitapumua. Mimi na Jokha tulikuwa hatuachani. Ukimwona Mwatima, mtafute Jokha nyuma yake. Idi ya mwaka sitini na mbili, Unguja, tukenda taarabu. Mimi nilivaa mkufu wa dhahabu wa dada yangu, wa kuazima, na hakuna aliyejua ila Jokha, kwa sababu yeye ndiye aliyenifunga kishikizo shingoni.

Kwetu mtu hainuki bure kwenda kumtunza mwimbaji. Unachagua ubeti. Ubeti unaouinukia ndiyo maneno yako, na unayempitia mbele ndiye unayemwambia. Mwimbaji akafika kwenye ubeti wa mwanamke anayejigamba kwa vya watu. Jokha akainuka. Akatoa shilingi, akaitupa jukwaani, akanipita mimi karibu kunikanyaga kanga, wala hakunitazama. Ukumbi mzima ukaigeukia shingo yangu.

Sikumsemesha tena. Halafu ikaja Januari ile ya mapinduzi, kila mtu akatupwa kwake. Dunia yote hii, yeye akaangukia Tottenham, mimi Edmonton, London hii hii. Basi moja tu katikati.

27 Novemba

Nimepata kazi kwa sababu ya mvua. Niliingia kwenye duka jipya la sahani za santuri kujikinga, nikamkuta mwanamke wa Kihindi anamgombeza mumewe kwa Kiswahili cha Tanga, kisafi kama maji ya chujio, ili wateja wasielewe. Mimi nikacheka. Akageuka.

"Umesikia?"

"Yote."

"Basi anza Jumatatu," akasema. "Mtu aliyesikia yote siwezi kumwacha nje."

Ndiye Indu. Mumewe ni Pravin. Walikuwa na duka Kampala, wameingia hapa mwezi uliopita na masanduku matatu. Binamu yao wa Stanmore amewakodia mahali. Indu alizaliwa Tanga, lugha anayo. Pravin Kiswahili chake ni cha Kampala, kinakwenda bila breki.

4 Desemba

Posa imeletwa. Wamekuja wazee wa kiume, Jokha hakuja. Vuai kasema ndiyo. Mie nilikuwa na kazi ya kukuna nazi.

11 Desemba

Kasheshe. Indu ana kaka yake, Kanti, anayekaa Kobe, Japani, mfanyabiashara wa vitambaa. Pravin alimwandikia atafute sahani za filamu za Kihindi za bei nafuu. Leo katoni limefika. Pravin akalifungua kwa kisu, akanyanyua moja, akakaa chini.

"Mimi naambia Kanti tuma nyimbo ya filamu. Yeye natuma nini? Watoto mbili na mwavuli moja!"

Kweli. Kwenye jalada wasichana wawili wa Kijapani, makoti mekundu, wamebanana chini ya mwavuli mmoja, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Nyuma maandishi kama nyayo za ndege. Barua ya Kanti inasema hao wanaitwa Sumire na Nami, na hii sahani yao ndiyo iliyoshika mji: kinyozi anaiimba, kondakta wa basi anaiimba, na yeye amewapelekea thelathini kwa sababu anawapenda.

"Thelathini!" Pravin akasema. "Angependa sana, ingekuwa sitini."

Mimi nikafikiri: kanga za mama yangu zilichapwa Japani, na maneno yake yalikuwa ya kumchoma mtu mpaka ndani. Wajapani wametuchapia masimango yetu miaka na miaka bila kujua wanachochapa. Sasa wametuletea maneno yao, tusiyoyajua sisi. Ni haki.

12 Desemba

Nimeisikiliza yote, pande mbili, nyimbo kumi na mbili. Sikuambulia neno. Lakini vinanda vyao vinalia karibu kama vyetu, na wale wasichana wanavuta pumzi mahali pamoja. Wimbo wa tatu wa upande wa pili ndio wenyewe. Mrefu anashika chini, mfupi anapita juu, na mwishoni kabisa mmoja wao anacheka. Kicheko kidogo, amesahau kuwa mashine bado inanasa, na mafundi wa studio wakakiacha.

Niliwapa majina. Mrefu Bi Mkubwa, mfupi Bi Mdogo.

14 Desemba

Pravin kaweka spika mlangoni, imetazama barabarani, kama Kampala. Nilimwambia hapa watu hawapendi. Akasema, "Watu yote napenda muziki, hawa najificha tu."

Saa sita akashuka bibi wa Kiingereza anayekaa juu ya duka, kavaa aproni, uso umekunjamana. Pravin akakimbilia kuzima. Bibi akasema asizime, airudishe nyuma, anataka kusikia tena pale msichana anapocheka. Akanunua moja. Hana santuri.

20 Desemba

Zimeuzwa tisa.

23 Desemba

Kumi na saba. Wahindi wa Stanmore wanapeana habari kwa simu, Waunguja wa Tottenham wanapeana habari bila simu na wanafika mapema zaidi. Indu kamwandikia Kanti alete katoni la pili. Pravin anasema sahani hizi aliziagiza mwenyewe.

2 Januari 1973

Baridi. Mabomba yameganda. Vuai kasema, "Baridi." Nikamwambia mengine auachie mwaka ujao.

13 Januari

Kesho Idi ya kuchinja. Duka limejaa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Jokha.

Amenenepa. Mimi pia, lakini yeye zaidi. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye kaunta, akanitazama bega, akamgeukia Indu.

"Mwambie huyo nataka sahani ya Wajapani."

Indu akanitazama. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. "Anataka sahani ya Wajapani."

"Mwambie ipo. Mwambie na mwavuli wake autoe nje, unachuruzika."

"Anasema mwavuli..."

"Nimesikia. Mwambie mwavuli wangu hauchuruziki kwake, unachuruzika dukani kwa watu."

"Mwambie sahani asiiweke karibu na hita, itapinda."

"Mwambie santuri nimeanza kuwa nayo mimi. Yeye alikuwa akija kwangu kusikiliza, na kashata nikimpa."

Indu akaweka mikono kiunoni. "Jamani, mama zangu. Kiswahili ninacho, lakini kazi ya simu sikuiomba."

Wanawake wote wakacheka. Jokha akalipa, akatoka. Nimeifunga sahani yake kwa karatasi mbili. Sijui kwa nini mbili.

Kashata zilikuwa nzuri, hilo sikatai.

21 Januari

Theluji kidogo. Pravin katoka kuipiga picha. Ilipokuwa inayeyuka yeye bado anatafuta kioo cha kamera.

3 Februari

Harusi imepangwa tarehe 24 Machi, mchana, ukumbi wa shule hapa Edmonton. Leo wanawake wamekuja kwangu kupanga nyimbo. Jokha kamtuma wifi yake, na wifi ana mdomo wa watu wawili.

Uliotajwa kwanza ni wimbo wa njiwa. Wifi akasema njiwa ni mtu anayehamahama. Mwingine akamjibu, hapa nani hakuhama, tutamsema nani tumwache nani? Ukatupwa. Wa pili wa waridi. Waridi lina miba, na miba ni mama mkwe. Mama mkwe yupi? Wakanitazama, kisha wakakitazama kiti alichostahili kukaa Jokha. Ukatupwa. Ukaja wa safari. Anayesafiri ni mume, basi harusi haijafanywa mume ameshatoroka. Halafu mmoja, mgeni, mtu wa Pemba asiyejua habari zetu, akautaja ule wa dhahabu. Watu wote wakaanza kulisifu birika langu la chai.

Wimbo mmoja usiomsema mtu hakuna. Tumekaa saa tatu. Kwetu ukiimba habari za mvua, kuna mtu ataondoka kwa hasira akisema kwake kunavuja.

Ummukulthum alikuwa mlangoni, bado na sare ya hospitali. Huwa anatujibu kwa Kiingereza, leo alisema Kiswahili tupu, nikajua mambo yameharibika.

"Wekeni wale Wajapani. Maneno yao hamyajui, hakuna atakayesemwa."

Kisha wifi akasema, "Khe! Mtoto ana akili huyu." Wote wakakubali. Sahani wanayo karibu wote, na wimbo wanaoutaka ni uleule wa kicheko.

"Na jingine," akasema Ummukulthum. "Mama zangu wawili wasiposemezana kabla ya siku hiyo, ndoa hakuna. Nimeshamwambia Msabaha, naye kakubali. Sitaki kwenda kuishi maisha yangu yote nikiwa Bi Indu."

Akapanda ghorofani. Wifi akavaa koti lake haraka sana. Alikuwa na safari ya Tottenham, na habari ilikuwa ya moto.

4 Februari

Nimemwambia Vuai azungumze na mtoto. Kazungumza. Mtoto kasema hapana. Vuai kasema kazungumza.

12 Februari

Katoni la pili limefika, arubaini. Kanti anaandika kuwa huko kwao kiwanda kinachapa mchana kutwa na bado watu wanapanga foleni.

Jokha hajaja. Sikumtegemea. Nilitazama mlango kwa sababu unaingiza baridi.

26 Februari

Mvua. Mtoto ananiambia "asubuhi njema" na "usiku mwema", basi. Nyumba yangu imekuwa na watu wawili wa aina ya Vuai.

5 Machi

Mvua. Nguo ya harusi imeshonwa, imetundikwa mlangoni. Kila nikipita inanigusa bega.

10 Machi

Leo nimefanya kosa. Aliingia mama mmoja wa Stanmore, kavaa sari na buti, akasema ameitafuta sahani ya Wajapani Wembley nzima hakuipata. Rafu ilikuwa tupu, imebaki ile ya duka tu, iliyokuwa juu ya mashine inaimba. Mimi sifa zikanipanda. Nikaivua pale pale, ikiwa bado na joto la sindano, nikamuuzia. Nikajiona hodari.

Jioni Indu akauliza, "Na ya harusi?"

"Wenzangu wanazo."

12 Machi

Nimepita nyumba sita. Ya kwanza mtoto kaichora kwa msumari. Ya pili imepelekwa Manchester. Mmoja kaiweka juu ya hita, imekuwa bakuli. Mmoja kaipiga mpaka ule wimbo wa tatu umelika, kinachosikika ni kukwaruza halafu kicheko. Bibi wa juu ya duka yake ni nzima, haijaguswa sindano, lakini kaipigilia ukutani kwa misumari minne kama picha ya familia. Ya sita sikufunguliwa.

Katoni la tatu liko baharini, linafika Aprili.

Indu akasema taratibu, bila kunitazama, "Kuna moja uliifunga karatasi mbili."

14 Machi

Nimekwenda.

Nilishuka basi kituo kimoja kabla, nikatembea na mwavuli, mvua ikininyea vizuri tu. Nyumba yake ina mlango wa kijani. Nikapiga hodi kwa sauti, kama kwetu, kwa sababu kengele sikuiamini.

"Karibu!" Akafungua. Akaniona. Hakufunga.

Hapakuwa na Indu. Niliangalia nyuma yangu, na yeye aliangalia nyuma yake, hakuna mtu wa kumwambia amwambie.

Nikasema, "Nimekuja kuazima."

Jokha akashika ukingo wa mlango. Midomo ikamcheza, nikajua anapigana na kicheko, maana namjua tangu ana miaka saba.

"Ya kuazima tena, Mwatima?"

Nilitaka kugeuka. Wallahi mguu mmoja uligeuka. Lakini nikaiona ile nguo mlangoni mwangu, na mguu mwingine ukakaa.

"Tena," nikasema. "Sahani ya Wajapani."

"Ingia. Mwavuli uache nje, unachuruzika."

Chumba chake kina cherehani na picha ya Msabaha na shahada yake. Sahani ilikuwa mbali na hita, imesimamishwa wima, bado ndani ya karatasi zangu. Akamimina chai. Tukanywa. Sijapata kusikia chai ikinywewa kwa kelele namna ile.

"Unajua," akasema, "mie ubeti ule sikuusikia."

"Ubeti upi?" nikasema, kama mtu asiyejua ubeti gani.

"Nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Hakuna aliyejua, hata Baba Msabaha. Si unajua mimba changa haisemwi. Tumbo likanipanda ghafla, pale pale ukumbini. Mlango ulikuwa upande wenu, nyuma yenu. Sasa nipite mbele ya mwimbaji mikono mitupu, siku ya Idi, watu wanaona? Nikatupa shilingi nikapita. Mdomo nimeziba kwa buibui. Wewe sikukuona. Ningemtapikia sultani mwenyewe nisimwone."

Miaka kumi na moja nimeutazama mgongo wake ukitoka ukumbini, na sikupata kujiuliza kwa nini hakurudi kukaa. Aliyekuja kumsema mtu hurudi kukaa, atazame sura.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja mara tatu. Nimwambie nani, mlango?"

Kweli, mara tatu. Niliziona dirishani.

"Na ile mimba?"

Akaweka kikombe. "Haikumaliza wiki. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka." Akanyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka. "Nilikungoja wewe."

Chai yangu ilikuwa imekwisha, nikaendelea kuinywa.

"Pole, Jokha," nikasema.

"Umechelewa."

"Nilikuwa nangoja basi."

Akacheka. Kwanza alikataa, akageuza uso kwenye cherehani, halafu mabega yakamsaliti. Mimi nililia kidogo, yeye akanipa kipande cha bitana nifutie pua. Halafu akaleta kashata.

Sahani kanipa. Nilipofika mlangoni akasema, "Mwambie Bi Indu namsalimu." Nikamjibu nitamwambia.

15 Machi

Nimemwambia Ummukulthum kwamba Bi Jokha anapika kashata zilezile. Akanitazama sana. Akajibu kwa Kiingereza. Alhamdulillahi.

17 Machi

Jokha kaja kupima kola ya nguo. Kasema kola imekaa kombo. Nimemwambia macho yake ndiyo. Vuai kasema, "Mmeanza."

24 Machi

Jua! Jua la kweli, mpaka Pravin kavua kofia.

Ukumbi umejaa wanawake. Waunguja, Wapemba, wenzetu wa bara, Indu na jamaa zake wa Stanmore, na bibi wa juu ya duka amekuja na kofia ya maua. Pravin alifunga mashine na spika, kisha akatolewa nje, kwa kuwa ni mwanamume. Indu ndiye aliyeshika sindano.

Bi harusi alipokaa, Indu akaweka upande wa pili. Wimbo wa kwanza watu walikula. Wa pili walisikiliza. Ulipoanza wa tatu, hata watoto walikaa. Bi Mkubwa akashuka chini, Bi Mdogo akapita juu, na wanawake mia wakatulia, kila mmoja raha mustarehe, hakuna anayemwinda mwenziwe, kwani kwa mara ya kwanza maishani mwetu hakuna aliyejua nani anasemwa.

Ubeti wa pili, Jokha akainuka.

Chai alikunywa vikombe vinne, mimi nilihesabu. Choo kiko nyuma ya kiti changu, na njia yake inapita mbele ya mashine. Nikamwona anafika pale, anasita. Nikajua anachofikiri, ni uleule ujinga wetu wa heri: utapitaje mbele ya mwimbaji mikono mitupu? Akafungua mkoba, akatoa noti ya pauni moja, akaiweka juu ya spika. Akaja upande wangu, akanipita karibu kunikanyaga nguo, hakunitazama, ana haraka zake.

Ukumbi mzima ukanigeukia shingo.

Nilivaa mkufu wa dada yangu. Ndiyo, uleule. Sasa ni wangu, dada alinirithisha, lakini hilo wangelijuaje? Nikamsikia wifi akivuta pumzi. Ummukulthum, juu ya kiti chake cha bi harusi, kaupeleka mkono mdomoni.

Nikainuka. Nilikwenda taratibu kwa sababu nilitaka wanione. Nikatoa pauni yangu nikaiweka juu ya ile yake, nikageuka, nikamfuata Jokha nje ya mlango uleule. Ndivyo nilivyotakiwa kufanya mwaka sitini na mbili, na ingenigharimu shilingi.

Nilimkuta kwenye ujia, kashika kitasa cha choo.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Ni chai tu, mama. Wewe je?"

"Nimekuja kukutazama."

Akanitazama, akautazama mkufu, akanyoosha mkono akakigeuza kishikizo kilichokuwa kimezungukia mbele, akakirudisha nyuma ya shingo. "Hujui kuvaa mpaka leo," akasema. Huko ndani sahani ikafika mwisho, na yule msichana wa Kobe akacheka, nasi tukamjibu.

25 Machi

Indu kaniletea noti mbili. "Hizi zilikuwa kwenye spika. Za nani?"

"Za Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Mpelekee Kanti awafikishie."

Jioni kapita wifi yake Jokha, kwa chai ati. Anasema Tottenham nzima hawajalala vizuri. Wengine wanasema ubeti ule ulimsema mama wa bi harusi. Wengine wanasema mama wa bwana harusi. Yule wa Pemba anaapa ulimsema yeye, na amemnunia mtu. Sasa wanatafuta Mjapani wa kuwafasiria.